Fuso la Kumbeba Farasi

Shangazi yangu, aliyekuwa katibu wa kamati ya harusi, mpaka leo anasema nilimtapeli. Mimi nasema kila alichoniuliza nilimjibu kweli tupu, na ujumbe wote ninao kwenye simu, sijafuta hata mmoja. Someni, muamue wenyewe.

Kazi inayonilisha ni fotokopi na picha za pasipoti, kibanda kidogo jirani na Makoroboi, hapa Mwanza. Kazi inayoninyima usingizi ni nyingine: natengeneza matandiko ya farasi. Farasi mwenyewe ni wa plastiki, nilimkuta soko la mitumba la Mlango Mmoja, kwenye belo la midoli ya mtumba, amelaliwa na sungura asiye na sikio. Ndani ya paja la nyuma alikuwa na chapa ya Breyer. Nikaingia intaneti kutafuta ukoo wake, na huko ndiko nilikopotelea.

Kumbe mababu zake walizaliwa Chicago mwaka 1950. Kiwanda cha plastiki kilipewa oda ya farasi wa kupamba saa ya mezani, watu wakaitazama ile saa wakaanza kumuulizia farasi. Leo kuna watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanaokusanyika kila Julai kule Lexington, Kentucky, kwa ajili ya farasi hawa tu. Na wanawavalisha. Hatamu, lijamu, tandiko, vikuku vya kukanyagia, kila kitu kama cha farasi wa kweli, kwa kipimo cha moja kwa tisa. Yaani mkanda wa shavuni ambao kwa farasi wa kweli una upana wa sentimita 2, kwangu mimi ni milimita 2 na kitu kidogo. Kata mkanda huo kwa wembe, kwa mkono, halafu utoboe matundu kwa sindano ya kushonea shanga, halafu uje uniambie fotokopi ni kazi ngumu.

Ngozi ndiyo inayotesa. Ya viatu ni nene mno, ukimvika farasi wangu anaonekana amejifunga mkanda wa askari. Nzuri ni ya glavu za kike za mtumba, au pochi kuukuu ya ngozi ya mbuzi, na hiyo nayo unaiparua kwa wembe upande wa ndani mpaka ishuke chini ya milimita 1. Ukikohoa umetoboa. Bizimu nazikunja kwa waya wa shaba niliochomoa kwenye mota ya feni iliyokufa, kila moja na ulimi wake unaofunga kweli. Ikidondoka sakafuni, hesabu imepotea. Yule kuku mwekundu wa mama mwenye nyumba ana bizimu zangu kadhaa tumboni, na siku wakimchinja nimeomba niitwe. Lijamu haiingii mdomoni, kwa sababu mdomo wa farasi wangu haufunguki. Unabandika vipete vyake viwili pembeni kwa nta kidogo, ukitazama kwa mbali unaapa kwamba anaitafuna.

Sasa, wenzetu hao hushindana kwa picha, na picha haitakiwi kuonyesha kitu chochote kitakachomuumbua farasi ukubwa wake. Usiweke sarafu, usiweke kidole. Hata mchanga unachekecha, maana punje ya mchanga wa kawaida mbele ya kwato zake ni tofali. Mimi nilikwenda ufukwe wa Luchelele na chekeche la unga la mama mwenye nyumba. Nikatandaza mchanga laini, nikapanga kokoto juu ya kokoto nyuma yake, na hapo ndipo Mwanza inapokupa kitu ambacho Kentucky hawana: kokoto zangu tatu zilisimama vilevile kama mawe ya Bwiru. Ziwa nikaliacha lenyewe, pana, kwa mbali. Nikalala kifudifudi, simu usawa wa magoti ya farasi. Wavuvi wawili walipita na nyavu zao. Mmoja akauliza, "Huyu vipi?" Mwenzake akamwambia, "Mwache, kila mtu na maombi yake."

Picha ilitoka, nisijisifu, lakini ilitoka. Farasi mwekundu, ametandikwa, anatazama ziwa. Nikaitupia status: "Tandiko jipya, ngozi halisi." Haukupita muda, shangazi akaingia.

"Mwanangu, hilo tandiko umetengeneza wewe?"

"Shikamoo shangazi. Ndiyo, kwa mikono yangu."

"Marahaba. Na farasi ni wa nani?"

"Wangu."

Akaandika, akaacha. Akaandika tena, akaacha. Kisha:

"Wewe una farasi, na kwenye msiba wa babu yako ulichanga elfu tano?"

"Shangazi, nilimpata kwa bei ya chini tu, Mlango Mmoja."

"Hilo soko litakuja kuuza na meli. Ni mkali?"

"Mpole sana. Hata hatikisiki."

"Anakula nini?"

"Hali kitu."

"Acha roho mbaya, mlishe mnyama wa watu. Analala wapi?"

"Juu ya kabati."

"Haya, endelea na utani wako. Sikiliza, kaka yako anaoa Jumamosi. Kamati tunamtaka huyo farasi ukumbini, aingie na bwana harusi. Tutakupa elfu arobaini."

Sasa nisaidieni. Nimehudhuria harusi za mji huu. Nimeona keki yenye chemchemi inayotiririka maji, nimeona njiwa ndani ya tenga la vioo, nimeona bwana na bibi harusi wakiingia ndani ya mtumbwi wa mbao uliobebwa na vijana sita. Farasi wa kuweka kwenye meza ya keki, aliyetandikwa ngozi halisi, kwa nini nishangae? Nilishangaa elfu arobaini tu.

"Kaka atammudu?" ndivyo shangazi alivyoendelea.

"Kwa mkono mmoja."

"Humjui kaka yako. Na kumfikisha huku je?"

"Nakuja naye kwenye daladala. Namweka kwenye begi."

"USITULETEE AIBU. Kamati italeta usafiri."

Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Nikadhani ni bajaji.

Jumamosi asubuhi nimeshampangusa farasi vumbi kwa brashi ya kope, nimemfunga kwa karatasi laini, nimemlaza ndani ya boksi la viatu. Simu ikaita.

"Kaka, mimi dereva. Niko huku chini barabarani, gari halipandi huko kwenu. Mteremshe tu."

Ninaishi Mabatini, juu kule kwenye mawe, ambako hata gesi inabebwa kichwani. Nikamwambia nashuka. Akasema, "Usishuke naye peke yako, vijana wanakuja kukusaidia." Nikaona hii kamati ina heshima kubwa.

Vijana wakaja wanne. Mmoja ana kamba ya katani begani. Mmoja ana fimbo. Mmoja amebeba mzigo wa majani mabichi unaotosha ndama wawili. Wa nne hakubeba kitu, lakini alitembea kwa madaha, nikaambiwa huyo ndiye mtaalamu, amekulia Misungwi kwenye ng'ombe, hajawahi kupigwa teke. Nyuma yao, watoto wa mtaa mzima.

Mama mwenye nyumba akatoka na mwiko mkononi. "Farasi? Kwangu? Umemweka wapi?" Akaenda moja kwa moja akafungua mlango wa choo. Hakumkuta. Akasema kodi itabidi tuizungumze upya.

Yule mtaalamu akaniuliza kwa upole, kama daktari: "Kaka, yuko upande gani? Tusimshtue."

"Huyu hapa," nikafungua boksi.

Walichungulia wote wanne, vichwa vimegongana. Aliyeshika kamba akaitazama kamba. Aliyebeba majani hakuyatua, aliendelea kuyabeba, akaniuliza:

"Huyu atakua?"

Mtaalamu alikuwa wa kwanza kumpigia shangazi, akaweka sauti ya nje.

"Mmeshampakia?" shangazi akauliza. Nyuma yake zilisikika sufuria na wanawake wakipiga vigelegele vya majaribio.

"Mama, yuko kwenye boksi la viatu."

"Boksi la nini?"

"La viatu, mama."

Kimya kidogo. "Kwani ameshakufa?"

"Hajafa, mama. Hajawahi kuwa hai."

Sitayaandika yaliyofuata, kuna watoto wanasoma. Ila nilimwelewa, maana kadi zilishachapwa na maneno "bwana harusi ataingia na farasi", mshereheshaji alishalipwa nusu, na watu wa matarumbeta walikuwa wameambiwa wasipige mpaka wasikie kwato. Kaka yangu ndiye aliyenitia huruma zaidi. Alikuwa amefanya mazoezi ya kupanda kwenye mkono wa kochi, jioni hadi jioni, mpaka mkono ule ukalegea.

Shangazi akakata shauri: aletwe hivyohivyo alivyo.

Tukateremka. Fuso lile, la tani kadhaa, limewekewa nyasi kavu chini na mbao pembeni ili farasi asiteleze, likaondoka Mabatini kwenda Nyakato likiwa na boksi moja. Mimi na boksi tulikaa mbele. Vijana walisimama nyuma na kamba yao. Kila tulipopita watu walichungulia kuona kilichobebwa, na yule wa fimbo akawa anawaambia, "Amelala."

Ukumbini shangazi hakunisalimia. Aliniita kwa kidole. Kaka yangu alikuwa pembeni, amevaa buti ndefu za kuazima na kofia pana, akamtazama farasi, akanitazama mimi, akauliza, "Nipande wapi?" Swali la haki kabisa.

Aliyetuokoa ni mshereheshaji, mtu ambaye kwa kweli hastahili kulipwa nusu. Alichukua trei ya soda, akaitandika kitambaa cheupe, akamsimamisha farasi juu yake, akampa kaka aishike kwa mikono miwili. Kisha akatangaza kwa sauti ya kutisha kwamba bwana harusi anawasili, na farasi wake, aliyetoka Marekani. Hilo la mwisho hata mimi sikulipinga, lilikuwa kweli. Matarumbeta yakalia. Mlango ukafunguliwa. Kaka akaingia taratibu, buti zinagonga sakafu ko, ko, ko, na watu walioanza kusimama ili waone vizuri walikaa tena kwa kucheka. Bibi harusi alicheka hadi shela likateleza.

Bibi yetu mkubwa aliomba aletewe farasi mezani. Akavaa miwani, akaivuta hatamu, akafungua bizimu ya mkanda wa tumbo kwa ukucha, akaifunga, akaifungua tena. "Inafunga kweli," akamwambia shangazi. "Mtoto ana mikono. Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma. Shangazi akajibu kwamba mikono anayo, tatizo ni mdomo.

Kilichobaki kilikuwa ni hela. Mweka hazina alikataa kulipa Fuso. Alisema hakuna mzigo. Dereva akamtolea daftari, akamsomea kwa utaratibu: farasi mmoja, kutoka Mabatini hadi Nyakato. "Hesabu," akamwambia. Mweka hazina akatazama mezani. Ni mmoja. Akalipa, akiguna.

Ndipo vijana nao wakadai ya kupakia na kushusha. Mweka hazina akauliza walishusha nini, na lini. Wakashauriana, wakamchukua farasi mezani kwa heshima zote, wakamrudisha kwenye boksi, wakatoka naye nje wakampandisha nyuma ya Fuso. Kisha mtaalamu wa Misungwi akapanda, akalishika boksi kwa mikono miwili, wawili wakampokea chini, na yule wa fimbo akawa anaelekeza: "Taratibu... kushoto kidogo... angalia mguu wa nyuma..."

Walilipwa. Majani nikaambiwa niyachukue mimi.