Kujazia Chuma Kwenye Katapila: Akiba au Hasara ya Kesho?

Siku moja buldoza linarudi kutoka machimboni na fundi anainama kulitazama chini. Meno ya sproketi, gurudumu linalosukuma cheni, yamechongoka kama ya msumeno. Viatu vya cheni, yaani vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi, ambavyo vilipokuwa vipya vilikuwa na ukingo mrefu wa kuuma ardhi, sasa vimebaki bapa, na cheni yenyewe inaning'inia. Muuza spea anasema nunua seti mpya. Fundi anasema, "Bosi, hii tuijazie tu," yaani apake chuma kigumu kwa kuchomelea mahali palipolika. Mmiliki akikosea hapo atalia, kwa sababu matengenezo ya sehemu ya chini ya buldoza hukadiriwa kumeza hadi nusu ya gharama zote za kulitunza.

Mimi nipo upande wa fundi, ila kwa masharti. Kujazia ni maarifa makubwa na yanastahili heshima kuliko yanavyopewa. Lakini kuna sehemu za cheni ambazo ukizijazia umeiharibu mashine kwa mikono yako na pesa zako.

Mashine hii ilianzia kwenye tope. Benjamin Holt, mtengenezaji wa mashine za shamba wa Stockton, California, aliona trekta za mvuke zikizama katika udongo laini wa delta ya mto San Joaquin. Novemba 1904 aliondoa magurudumu ya nyuma ya trekta moja na kuweka mahali pake mkanda unaozunguka. Viatu vya mkanda ule vilikuwa vya mbao. Kwenye udongo laini usio na mawe, mbao zilitosha, kwani shida ya Holt ilikuwa uzito na si ulikaji. Uingereza nako David Roberts wa kampuni ya Hornsby, mjini Grantham, alibuni cheni yake katika miaka hiyohiyo, na Holt akanunua hataza yake baadaye. Mwaka 1925 kampuni ya Holt iliungana na ya mshindani wake Best, ikazaliwa Caterpillar, ambayo jina lake sisi tumeligeuza kuwa la kila mashine ya cheni, awe ameiunda nani.

Nautaja udongo wa Holt kwa sababu cheni ilipotoka kwenye tope na kuingia kwenye mchanga na mwamba, ilikutana na adui mwingine. Mchanga una chembe za madini magumu yaitwayo kwatsi. Kwa kipimo cha Vickers, kwatsi ina ugumu wa 1,000 na zaidi, ilhali chuma cha kiatu cha cheni kilichotiwa ugumu kiwandani huwa karibu 500. Kila hatua katapila linapopiga, chembe hizo zinakikwangua chuma kama kucha inavyokwangua sabuni. Ili chuma kishinde mchanga, lazima kiwe na kitu kigumu kuliko kwatsi, na kabidi za kromi, yaani kromi iliyoungana na kaboni, zenye ugumu wa 1,500 hivi, zinaweza hilo. Hapo ndipo kujazia kunapopata hoja yake. Huwezi kutengeneza kiatu kizima kwa kabidi, maana kingevunjika kama sahani kwenye jiwe la kwanza. Unachoweza ni kuacha moyo wa chuma unaostahimili kishindo na kuuvisha ngozi ngumu juu yake.

Wamarekani waliokuwa wakichimba mafuta waliifanya kazi hii iwe biashara. Huko California, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya familia ya Stoody ilikuwa ikijazia keekee za kuchimbia visima vya mafuta ili zisilike haraka. Kabla yake kidogo, Max Schoop wa Uswisi alikuwa amebuni namna ya kupulizia chuma kilichoyeyuka kama rangi. Ubunifu huo wa pili ndio mama wa mitambo ya leo inayopulizia kabidi ya tungsteni kwa mwendo unaopita wa sauti.

Sisi tuna somo letu wenyewe, nalo lipo Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, ikilenga kulima ekari zaidi ya milioni 3. Trekta nyingi zilikuwa za mtumba wa kijeshi, nyingine zikatolewa Ufilipino, na baadaye kikaja kifaru cha Sherman kilichogeuzwa trekta na kiwanda cha Vickers, kikaitwa Shervick. Kabla ya mwaka huo wa kwanza kwisha, sehemu kubwa ya mashine zilikuwa zimelala. Udongo wa Kongwa ukikauka hushikamana kama saruji, na una mchanga mkali unaokula kila kitu kinachougusa. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Kuna kishawishi cha kusema kwamba karakana nzuri ya kujazia ingeuokoa mradi ule. Sisemi hivyo. Mvua zilikuwa haba, waendeshaji walifundishwa harakaharaka, mashine zilikuwa zimechoka kabla hazijafika, na spea zilikuwa mbali. Lakini Kongwa inatufundisha jambo ambalo pande zote mbili za mjadala huu hulisahau: ulikaji ni ndoa ya chuma na udongo. Muuza spea hukuambia cheni itadumu saa elfu kadhaa bila kukuuliza utaipeleka wapi. Fundi naye mara nyingi hujazia kwa fimbo ileile ya kuchomelea, iwe mashine inakwenda kwenye mchanga wa Dodoma, kwenye mwamba wa shaba wa Katanga, au kwenye mfinyanzi mweusi wa bondeni.

Tuanze na panapolipa. Ncha ya bleidi, meno ya ndoo ya ekskaveta, jino la ripa (jembe la nyuma la buldoza la kupasulia ardhi) na ukingo wa kiatu cha cheni vyote hukutana na udongo peke yake. Vikiwa vigumu zaidi, anayeumia ni udongo. Kwa viatu, njia ninayoiamini ni kuchomelea upau mpya wa chuma juu ya ukingo uliolika, si kulundika mistari ya fimbo moja juu ya nyingine. Upau unarudisha kimo haraka, na kazi ikifanywa vizuri kiatu kinapata maisha ya pili kwa sehemu ya bei. Mtu aliye mbali na bandari, ambaye spea zake hukaa wiki kadhaa njiani huku mkataba wa barabara unahesabu siku, ana haki kabisa ya kuchagua hivi. Tena fedha inabaki mtaani badala ya kutoka nje kwa dola.

Mambo hubadilika chuma kinapokutana na chuma. Bushi ya cheni, bomba fupi linaloizunguka pini inayounga viungo, hukaa kati ya meno ya sproketi. Ukiivisha bushi ngozi ya kabidi, imekuwa tupa, na kila mzunguko inaisugua sproketi. Utafurahia bushi zako ngumu huku ukinunua sproketi mara mbili. Rola, magurudumu madogo yanayobeba mashine juu ya cheni, na reli ya viungo vya cheni ni vivyo hivyo. Viwanda vilivyofanya kazi hii vizuri vilitumia mashine maalumu ya kuchomelea ambayo moto wake hufunikwa na unga, wakachagua waya unaotoa ugumu unaolingana na wa sehemu inayosuguana nayo, kisha wakapima kipenyo. Fundi mwenye fimbo mkononi, hata awe hodari vipi, hawezi kuizungusha rola ikawa duara kamili. Na rola yenye nundu huipiga cheni kila inapozunguka.

Kuna kosa lingine ambalo linaniuma kwa sababu linafanana na akili. Cheni haichoki kwa nje tu. Pini na bushi husagana kwa ndani, kila kiungo kinaongezeka kidogo sana, na ukijumlisha viungo arobaini cheni imerefuka. Ikirefuka haikai tena sawasawa kwenye meno ya sproketi, inayapanda na kuyachonga. Hata ukijazia bushi kwa nje mpaka ing'ae, urefu wa cheni upo palepale. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 ilianza kutumika cheni iliyofungwa yenye mafuta ndani ya pini, na ndiyo maana dawa ya zamani ya kugeuza pini na bushi nusu duara, kabla tabaka gumu halijaisha, bado ni nafuu kuliko kujazia kokote. Lakini ina saa yake. Ukichelewa, tabaka gumu la bushi, ambalo ni la milimita chache tu, limeshapita na unageuza kitu kilichokufa.

Halafu kuna suala la chuma gani kimelala mezani. Viatu na viungo vingi ni chuma cha kaboni ya wastani kilichotiwa ugumu. Hicho kinataka kupashwa moto kwanza na kupozwa polepole, la sivyo haidrojeni inayoingia wakati wa kuchomelea inakipasua. Tena ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kwenda zake. Sasa chukua chuma cha manganisi, alichokigundua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, kinachotumika kwenye mataya ya mashine za kusagia mawe na kwenye viatu vya baadhi ya mashine kubwa za kuchimbia migodini. Hicho hugeuka kigumu kinapopigwapigwa, lakini ukikipasha moto kupita nyuzi 260 hivi kinakuwa dhaifu kama kioo. Kwa hiyo huruma unayokionyesha chuma cha kwanza ndiyo inayokiua cha pili. Na kuvitofautisha hakuhitaji maabara: chuma cha manganisi hakivutwi na sumaku. Karakana ambayo haina sumaku ukutani isikubaliwe kugusa mashine ya watu.

Wanaotetea spea mpya hukazia hapa, na wanastahili kusikilizwa. Sehemu ya kiwandani imetiwa ugumu kwa kina kinachojulikana na imepimwa, na ikipasuka mapema kuna wa kumuuliza. Kiatu kilichochomelewa na kupasuka kikiwa juu ya mteremko hakina wa kumuuliza. Lakini hoja yao inapungua nguvu sokoni, ambako seti "mpya" ya bei rahisi inaweza kuwa na tabaka gumu jembamba kuliko karatasi ya maelezo inavyodai. Kabla ya kuilipia, mpeleke fundi mwenye tupa aikwaruze. Tupa ikiuma, umeuziwa rangi.

Sehemu ya mwisho ya mjadala ndiyo isiyosemwa kabisa, nami naiona nzito kuliko saa za cheni. Fimbo za kujazia zenye kabidi zimejaa kromi. Zikiungua, sehemu ya moshi wake ni kromi ya aina ile yenye sumu, iitwayo kromi-6, ambayo Ulaya iliiwekea masharti ya kibali kuanzia Septemba 2017, hata kwenye viwanda vinavyopaka kromi rodi za haidroliki, vinavyolazimika kutafuta njia nyingine, mojawapo ikiwa ile ya kupulizia kabidi ya tungsteni. Mwaka huohuo wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wote wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Viwanda vya Ulaya vilipewa miaka ya kujiandaa, mifumo ya kufyonza hewa na wanasheria. Kijana anayejazia ndoo ya ekskaveta chini ya mabati, miwani myeusi usoni na kitambaa puani, hakupewa chochote. Kitambaa hakizuii moshi huo. Kinachosaidia ni kufanya kazi mahali penye upepo, kukaa upande unakotoka upepo, kufyonza moshi karibu na ncha ya fimbo, na kuvaa kipumulio chenye kichujio kinachostahili.

Vitu hivyo vinagharimu, na vikiongezwa kwenye bei ya kujazia, tofauti yake na bei ya spea mpya inapungua. Kwenye meno, bleidi na viatu bado kujazia kutashinda, tena kwa umbali. Kwenye bushi na rola kulishashindwa kabla hatujafika kwenye moshi. Kwa hiyo fundi anapokuandikia makadirio ya kazi, mwombe aandike mistari mitatu zaidi: aina ya chuma alichokikuta kwa sumaku, nyuzi za joto atakazozitumia, na kipumulio cha kijana atakayeshika fimbo. Mstari wa tatu ulipe bila kuomba punguzo.