Mjomba Alivyoiba Pasipoti Yake Mwenyewe

Mjomba wangu anaamini kwamba kibaka hawezi kuiba asichokiona, na tangu nilipopata akili sijamwona akiweka kitu cha thamani mahali ambapo binadamu wa kawaida angekitafuta. Tulipoamua kusafiri pamoja kwenda Ufaransa, yeye ndiye aliyechagua mji wa Lyon badala ya Paris, na sababu yake haikuwa mito miwili inayokutana pale wala kanisa kubwa lililo juu ya kilima cha Fourvière. Alikuwa amesoma mahali kwamba makao makuu ya Interpol yamekuwa Lyon tangu 1989, kando ya mto Rhône, naye akahitimisha kwamba hakuna mwizi mwenye akili timamu anayeweza kufanya kazi katika mji huo.

"Mpwa wangu," aliniambia, "anapolala simba, fisi hapiti."

Nilimweleza kwamba Interpol haina askari wa doria, kwamba kazi yake ni kuwawezesha polisi wa nchi wanachama kupashana habari, na kwamba ofisa wake hana mamlaka ya kumkamata hata kibaka anayemchomolea pochi mlangoni mwa ofisi yake. Mjomba alinisikiliza kwa upole mkubwa, kisha akaendelea kushona mfuko wa siri ndani ya suruali.

Ni haki niseme kwamba ushauri aliokuwa ameukusanya kabla ya safari ulikuwa mzuri. Fedha zisikae mahali pamoja. Nakala ya pasipoti isikae na pasipoti yenyewe. Namba ya dharura ni 112, ambayo nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliamua mwaka 1991 kwamba itumike kwao zote. Mtu akikumwagia kitu begani kisha akajitolea kukupangusa, shika mifuko yako. Mtu akiokota pete inayong'aa miguuni pako na kukuuliza kama ni yako, endelea na safari. Na mtu akijiita askari wa kificho kisha akataka kuikagua pochi yako, huyo si askari. Yote hayo ni kweli, na msafiri yeyote angenufaika nayo. Lakini tahadhari ni chumvi, na Mjomba aliipika kama ndiyo mboga.

Fedha alizigawa katika sehemu nyingi mno, nyingine zikiwa ndani ya soksi, nyingine chini ya soli, na nyingine mahali ambapo kila alipotaka kulipa ilibidi tutafute kwanza msala. Zaidi ya hayo alitengeneza pochi ya chambo, ambayo aliibeba katika mfuko wa nyuma, nusu ikiwa nje, ili kibaka aichukue hiyo na kuondoka ameridhika. Ndani yake aliweka karatasi zilizokatwa kwa ukubwa wa noti, sarafu chache za kuipa uzito, na kitambulisho chake cha zamani cha kazini, chenye picha na jina kamili, ambacho muda wake ulikuwa umekwisha kitambo. Niliuliza kwa nini amwachie mwizi jina lake. Alijibu kwamba chambo kisichofanana na chakula hakinasi samaki.

Tatizo la kwanza la Lyon lilikuwa uaminifu wa wakazi wake. Tulikuwa tukikatiza uwanja wa Bellecour, ule mpana wenye sanamu ya mfalme Louis XIV juu ya farasi, pochi ilipodondoka yenyewe, bila kibaka yeyote kuhusika. Kijana mmoja aliiokota na kutukimbilia huku akiita. Mjomba aligeuka, akaona mtu anayekuja mbio akiwa ameinua kitu mkononi, akakumbuka mlango mzima wa ule ushauri unaohusu vitu vinavyookotwa miguuni pako, na akajibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima kwamba kitu kile si chake. Kijana alifungua pochi na kumwonyesha picha. Mjomba aliitazama picha yake mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema kwamba hamjui mtu huyo. Kisha akanishika mkono na kuongeza mwendo. Nilipogeuka nyuma, kijana alikuwa bado amesimama pale, akiangalia picha, akimwangalia Mjomba, akiangalia picha tena.

Kesho yake tulikwenda kituo cha treni cha Part-Dieu. Polisi wa Ufaransa wana uwezo wa kumtaka mgeni aonyeshe hati inayomruhusu kuwepo nchini, na maofisa watatu waliovaa sare walitusimamisha kwa adabu wakataka kuona pasipoti. Nilitoa yangu. Mjomba alirudi hatua moja nyuma na kuwaomba wao kwanza watoe vitambulisho. Wakatoa. Akavisoma pande zote mbili, akavilinganisha na nyuso zao, kisha, bila kuniambia kitu, akachukua simu na kupiga 112 kuripoti kwamba amezingirwa na watu waliojifanya polisi.

Ningependa msomaji aione picha hiyo vizuri. Nyuma ya wale maofisa watatu walikuwapo pia askari wa jeshi wenye bunduki, kwa kuwa tangu 2015 jeshi la Ufaransa limekuwa likifanya doria katika maeneo kama vituo vikubwa vya treni. Mbele yao wote amesimama mzee mmoja aliyevimba soksi, anamweleza mpokea simu kwa Kiingereza cha polepole kwamba watu hao wana sare nzuri sana, yaani wamejiandaa. Mpokea simu alimwuliza yuko wapi, akamsihi atulie, akaomba azungumze na mmoja wao. Ofisa alipokea simu, akazungumza kidogo, akaguna, akairudisha. Mjomba aliambiwa na sauti ile ile aliyoiita kumwokoa kwamba atoe pasipoti.

Alitoa nakala. Ofisa alisema nakala ni jambo zuri, lakini anahitaji pasipoti yenyewe. Hapo ndipo Mjomba alipoanza kujipapasa. Alianzia kwenye mkanda wa fedha, akateremkia kwenye suruali, akaingia kwenye soksi, na uso wake ukawa unabadilika kadiri mkono ulivyokuwa ukishuka. Baada ya kuhakikisha kwamba mimi nina hati zangu na kwamba mzee huyu ni wa kuonewa huruma kuliko kuogopwa, walituruhusu twende hotelini tukaitafute.

Tuliipindua hoteli. Tuligeuza magodoro, tukatoa droo, tukafungua hata mfuniko wa tangi la choo, kwa sababu Mjomba alikiri kwamba mahali hapo alipafikiria. Nilimwuliza mara ya mwisho aliiweka wapi. Alisema kwamba usiku aliihamisha, na aliihamisha bila kuniambia kwa sababu siri ya wawili si siri, na sasa siri hiyo ilikuwa imemtoka hata yeye. Waswahili husema mficha uchi hazai, lakini hawakusema lolote kuhusu anayeuficha kisha asikumbuke alikouficha. Ilipofika jioni Mjomba alikuwa na hakika kabisa: pasipoti imeibwa, na aliyeiiba ni fundi wa hali ya juu.

Katika kituo cha polisi nilifanya ukalimani kwa msaada wa kamusi yangu ya Kifaransa, kitabu kinene chenye jalada la plastiki, ambacho nilikiweka mezani mbele ya ofisa na kukifunua kila nilipokwama. Taarifa hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa visa iko ndani ya pasipoti, na asiye na pasipoti hana namna nyingine ya kuonyesha kwamba aliingia nchini kwa mlango. Ofisa aliandika jina la Mjomba, akasita, akainuka, akaenda chumba cha pili. Aliporudi alikuwa ameshika pochi ya chambo.

Ilikuwa imeletwa na raia mwema. Pamoja nayo yalikuwapo maelezo ya raia huyo kwamba mwenye picha alikuwa ameikana picha yake na kuondoka kwa kasi. Ofisa alizitandaza mezani zile karatasi zilizokatwa kwa ukubwa wa noti, moja baada ya nyingine, akauliza ni za nini. Nilifunua kamusi kutafuta jinsi ya kusema chambo. Mjomba, aliyeona kwamba heshima yake imeguswa, alianza kueleza kwa ishara za mikono jinsi samaki anavyonaswa, na ofisa akaandika kwa muda mrefu kuliko ishara zenyewe zilivyochukua.

Balozi ziko Paris, mwendo wa saa mbili hivi kwa treni ya kasi. Huko Mjomba alijaza fomu, akatia sahihi kwamba pasipoti yake imeibwa, akapewa hati ya dharura ya safari, ambayo kazi yake ni moja tu: kumrudisha mtu kwao. Mtumishi wa ubalozi alitamka kwa uwazi kwamba ile pasipoti sasa imefutwa, kwamba taarifa zake zitapelekwa kunakohusika, na kwamba hata ikipatikana isitumike, irudishwe tu. Mimi nilisikia. Mjomba wakati huo alikuwa ameinama, anatafuta mahali penye usalama wa kutosha kwa hati ya dharura, nami nikaichukua mkononi mwake na kuitia katika begi langu, jambo ambalo hakulipenda.

Usiku wa mwisho nilikuwa nafunga mizigo. Kamusi iliniponyoka, ikaanguka kwa pembe, jalada la plastiki likapasuka, na kati ya plastiki na gamba la kitabu ikachungulia pasipoti. Ilikuwa imekaa humo muda wote. Ilikuwa mezani polisi tulipoandikisha kwamba imeibwa, na nina hakika kwamba kiwiko cha yule ofisa kiliegemea juu yake. Ilipanda treni ikaenda ubalozini kushuhudia ikifutwa.

"Ulionaje?" Mjomba alisema, akiwa amesimama wima kwa mara ya kwanza tangu Part-Dieu. "Hata polisi hawakuiona."

Nilimkumbusha maneno ya ubalozi. Alisema kwamba hati ya dharura ni karatasi tu, ilhali pasipoti ina visa, ina picha nzuri, na imefungwa vizuri. Tena hajawahi kuona ofisi ya serikali iliyomaliza jambo kwa siku chache, kwa hiyo ya kwake bado iko chini ya rundo la mafaili. Tulibishana hadi usiku wa manane, nami nikalala nikidhani nimemshawishi.

Uwanja wa ndege, kwenye dirisha la polisi wa mipaka, alinitangulia na kuitoa pasipoti. Ofisa aliilaza juu ya mashine inayosoma ile mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyo chini ya ukurasa wa picha. Akaitazama skrini yake. Akailaza tena. Kisha akanyanyua simu bila kuacha kumtabasamia Mjomba, na nikajua kwamba ofisi ile haikuwa na rundo lolote la mafaili.

Mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Interpol ilianzisha hifadhidata ya hati za kusafiria zilizoibwa na zilizopotea, na polisi wa mipaka wanaweza kuiuliza wakapata jibu kwa sekunde chache. Nchi iliyotoa hati ndiyo pekee inayoruhusiwa kuiingiza humo. Kwa maneno mengine, aliyemshtaki Mjomba mbele ya dunia hakuwa Mfaransa yeyote. Ilikuwa serikali yake mwenyewe, kwa ombi lake mwenyewe, lenye sahihi yake mwenyewe.

Tulipelekwa katika chumba kidogo. Mjomba alisimama, akatangaza kwamba kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, ibara ya 36, mgeni aliyekamatwa ana haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe. Kifungu alikitaja sawasawa, na sijui alikihifadhi lini. Ofisa alimjibu kwa heshima kwamba hajakamatwa, ameombwa kukaa tu, na kwamba ubalozi wake ndio uliosema pasipoti hii imeibwa. Halafu akauliza kitu ambacho naye, nadhani, alikuwa anakiuliza kwa mara ya kwanza kazini.

"Mwizi aliyeiba hii pasipoti, bwana, mlifahamiana?"

Nilitoa hati ya dharura, nikatoa taarifa ya polisi, nikatoa kamusi na kuonyesha jalada lililopasuka. Waliitana kuja kuitazama kamusi. Mmoja aliijaribu, akaingiza pasipoti katika jalada, akaitoa, akamwita mwenzake aliyekuwa mlangoni. Mwishowe waliichukua pasipoti, wakagonga mhuri kwenye hati ya dharura, wakatusindikiza hadi kwenye ndege, ambayo abiria wake wote walikuwa wamekwisha kaa na wakatutazama tukipita katikati yao na polisi wawili.

Mimi nilidhani kwamba Mjomba ataificha habari hiyo kama anavyoficha vitu vingine. Sivyo. Anaisimulia kwa kila anayemtembelea, na katika masimulizi yake hakuna kamusi wala soksi. Kuna mtu mmoja tu, mtu mzito, ambaye hati yake ina mafaili Interpol kwenyewe na inafahamika katika nchi 196. Wageni hunigeukia ili nithibitishe. Nami huthibitisha, kwa sababu Interpol ina nchi wanachama 196 kweli, na wote wanaifahamu.