Faili lile lile, majibu mawili

Hapa Tanga ukiuliza sheli, utaonyeshwa kituo cha mafuta. Mimi nazungumzia ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali ya Unix: Bash, dash, ksh, zsh na nyinginezo.

Katika kiofisi chetu cha Ngamiani, kijana wetu aliandika mistari michache ya kuhesabu mauzo. Anaanza na hesabu=0, kisha cat mauzo.txt inapitishwa kwenye paipu (alama ya |, inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine) hadi while read, kitanzi kinachosoma faili mstari mmoja mmoja na kuongeza moja kwa kila mstari. Alipoibandika kwenye terminali ya MacBook yake, ambako zsh ndiyo sheli ya kuanzia tangu 2019, alipata 214. Kwenye seva ya Debian, aina ya Linux, ambako sh (sheli ya kuendeshea skripti za mfumo) ni dash tangu toleo la 2011, akapata 0.

Dash, kama Bash kwa mpangilio wake wa kawaida, huendesha kila kipande cha paipu kwenye sheli ndogo ya pembeni, na hesabu inafia humo humo. Zsh na ksh asilia (ksh93) hukiacha kipande cha mwisho kwenye sheli kuu. Kiwango cha POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, kinaruhusu yote mawili.

Sasa majaribio ya upatanifu, yale ya kuangalia amri zile zile zinajibu nini kwenye kila sheli, tuyapange vipi? Wapo wanaotaka kila sheli iwe na faili lake. Linasomeka vizuri, na ukiachana na ksh unafuta faili moja tu, basi. Kinachoniponza mimi ni uvivu: leo naongeza jaribio la Bash, la dash nasema kesho, na kesho yenyewe tunaijua.

Wengine huandika jaribio moja kwa sheli zote, chini yake wakaweka jibu la kila sheli inayotofautiana. Mradi wa Oils, unaotengeneza sheli mpya, hufanya hivyo, tena hutenga tofauti inayokubalika, kosa, na kitu ambacho sheli haina kabisa. Niko upande huu, kwa sababu ya kutenga huko hasa. Vinginevyo ile 0 tungeiandikia dash kosa, na dash haijakosea. Gharama yake ni faili kunenepa, maana Bash 3.2 iliyomo kwenye Mac si sawa na Bash 5. Na ujumbe wa makosa usiulinganishe neno kwa neno. Kila sheli hulalamika kwa maneno yake.

Kijana aliondoa paipu ili kitanzi kilisome faili moja kwa moja ndani ya sheli kuu, akamalizia kwa done < mauzo.txt. Ikawa 214 kote. Jaribio la paipu tumeliacha pale pale, na majibu yake mawili.