Nilikuwa Napita Tu

Hapa Kigoma mtu akipiga hodi saa saba mchana akasema, "Nilikuwa napita tu, nikasema niwasalimie," ujue huyo yupo mpaka alasiri. Hakupiga simu, hakutuma meseji, na hakuna wa kumuuliza. Mimi napenda ziara za namna hii kuliko zile za kupangiana wiki nzima, mwenyeji akachoka kabla mgeni hajafika.

Ninachobishia ni ile kauli yetu, hasa sisi wanaume, kwamba ukarimu huu unakuja wenyewe tu. Unakuja wenyewe wapi? Ingia jikoni kwa shangazi yangu, kule Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma. Kuna ndoo ya mfuniko imejaa dagaa wakavu. Aliwanunua mwaloni Kibirizi, akiwavunja kwanza kati ya vidole asikie kama wamekauka kweli, maana wakiwa na unyevu wataota ukungu. Kando yake kuna chupa ya mawese, na unga haukosi. Mgeni hajamaliza kusalimia, dagaa wameshamwagiwa maji ya moto, kitunguu kiko kwenye mawese, nyanya inafuata. Ugali ukitua mezani, mgeni anacheka: "Dada, ulijuaje kama nakuja?"

Hakujua. Alijua mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa, na taa inavuta samaki vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Kwa hiyo shangazi hununua siku za giza kwa ajili ya watu ambao hata wenyewe hawajaamua kumtembelea. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti, ndoo ilipungua. Hodi hazikupungua.

Sisemi watu waanze kuomba miadi. Hayo tuwaachie wenye ofisi. Ila mgeni wa ghafla naye akija na kilo ya sukari au mche wa sabuni hajaharibu undugu. Na wewe unayewaambia wenzako kijiweni, "Twendeni kwangu tukale," mpigie simu mama watoto kwanza, umuulize unga umebaki kiasi gani. Ukiona kimya, pitia dukani.