Spidi sio tatizo, tatizo ni muda

Mwandishi wa makala kasema eti kuendesha kompyuta za zamani kwa emuleta (programu inayoiga mashine nyingine) kwenye laptop ya leo ni kazi ndogo sababu mashine zetu zina spidi kubwa, hapo sikubali. Spidi ipo ndio, Commodore 64 ya 1982 prosesa yake ilikimbia kama megahezi 1 tu na memori kilobaiti 64, hata simu inaimudu. Shida ni muda. Waandishi wa gemu enzi zile walikuwa wanabadilisha rangi mstari wa skrini ukiwa bado unachorwa, wanahesabu mizunguko ya prosesa mmoja mmoja, sasa emuleta ikikosea hata mzunguko mmoja picha inaweza kuvurugika. Alafu kuna ile chipu ya sauti, SID, filta zake ni za analogi na hazikufanana chipu kwa chipu, sasa uige ipi? Watengenezaji wa VICE, emuleta ya Commodore, wamejitahidi sana hapo, wapewe sifa zao.

Na ROM, zile chipu zenye programu ya kuwashia mashine, mbona mwandishi umeziruka kabisa?? Emuleta yenyewe haina kesi lakini hiyo programu iliyomo ndani ya mashine ina mwenyewe, kampuni ya Amstrad waliruhusu ROM za kompyuta ya ZX Spectrum zisambazwe bure, za kompyuta ya Amiga mpaka leo zinauzwa.

Alafu wale mnaolalamika gemu inarukaruka ikisogea msilaumu emuleta, mashine za PAL (mfumo wa TV wa Ulaya) zilichora picha 50 kwa sekunde na skrini zetu nyingi zinachora 60, weka 50 kama skrini yako inakubali, itatulia