Kamera Mpya na Mbuzi wa Mama Mkwe

Kamera niliinunua Kariakoo, na aliyeniponza ni muuzaji. Aliishika kwa vidole viwili kama kipande cha sabuni, akaielekeza ng'ambo ya barabara, akavuta zumu. Mdomo wa kamera ukachomoza, zzzt, zzzt, na kwenye kioo nikasoma bei ya chupa ya chai kwenye duka la watu, mpaka sifuri ya mwisho. "Mara 30 hiyo, bosi." Sikuuliza kingine. Mtu mzima na akili zangu nikatoa hela kwa sababu ya bei ya chupa ya chai.

Wiki hiyohiyo tulikuwa tunamrudisha mama mkwe kwake Lushoto. Shemeji anaendesha, mimi mbele na kamera mapajani, mama na mke wangu nyuma. Tulipofika Chalinze mama akaanza kisa cha mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mchicha wake. Mama anasimulia kwa ukamilifu: hamtaji mbuzi bila mwenye mbuzi, hamtaji mwenye mbuzi bila ukoo wake, na ukoo wenyewe una kesi za mipaka tangu enzi za babu. Tukapita Segera, tukapita Korogwe, mbuzi bado yuko kwao, kafungwa. Mimi kazi yangu kuitikia tu: "Eeh, mama. Lo!"

Mombo tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Kwa asiyeijua njia ile, ni kama kilomita 33 mpaka Lushoto mjini, nyembamba, huku jabali, huku korongo, na inajipinda kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, anarudi, halafu anakumbuka kuwa hakukisahau. Ila ni pazuri, acha tu. Nikatoa kamera mfukoni. Sauti zake za pi-pi nilikuwa nimezizima ili nisimsumbue mama. Nikaduwaa na mandhari kidogo, kisha nikabonyeza kitufe chekundu cha video, nikavuta zumu mpaka mwisho.

Jamani, usiutazame mlima kwa zumu ya mara 30 ndani ya gari linalokata kona. Gari likitikisika kidogo tu, kwenye kioo mlima mzima unaruka. Ukapita mgomba, bati la nyumba, anga, mgomba tena, halafu kitu kikubwa chenye ukungu ambacho nadhani kilikuwa sikio la shemeji. Kona ya sita mate yakaanza kunijaa mdomoni. Kona ya tisa ile supu niliyokunywa Mombo ikawa inaulizia njia ya kurudi.

"Shemeji, simama hapo Soni, nipige maporomoko."

Nikabonyeza kitufe, nikamaliza video yangu. Mama na mke wangu wakaenda kununua karoti. Mimi nikazunguka nyuma ya gari, kamera inaning'inia shingoni, nikaiacha supu yote ukingoni mwa barabara. Maporomoko niliyasikia tu. Nikarudi kwenye kiti natokwa jasho jembamba.

"Umepata?" shemeji akauliza.

"Nimepata." Kisha, kwa kuwa tulikuwa wawili tu, nikamnong'oneza: "Shemeji, kwa mwendo huu yule mbuzi atakufa kwa uzee kabla hajauona mchicha."

Shemeji alicheka mpaka paji la uso likagonga honi. Mama akarudi na ndimu. "Nusa hii, baba, umepauka." Nikamwambia ni jua tu, mama.

Tulipitiliza mpaka Irente. Genge linakatika ghafla, chini kabisa Mazinde, na nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Nikasimama imara, nikabonyeza kitufe changu chekundu, dakika tano nzima bila mkono kutetemeka. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jioni, sebuleni kwa mama, majirani wawili, chai, kamera imechomekwa kwenye runinga. Rimoti kapewa mjukuu. Video ikaanza: kiatu changu cha kulia. Kiatu kikaendelea. Jirani mmoja akauliza kama ndiyo utangulizi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitufe kilijibonyeza wakati naitoa kamera mfukoni. Tangu hapo, kila nilipowasha nilikuwa nazima, na kila nilipozima nilikuwa nawasha. Zile kona hazimo. Irente haimo. Kilichomo ni taa ya nyuma ya gari ikiyumba, na mlio ambao mke wangu mpaka leo anaufananisha na wa ndama. Kisha: "Umepata?" "Nimepata." Majirani hoi kwa kicheko.

Mimi nilijua kinachofuata. Niliruka kuuwahi waya, nikajikwaa kwenye meza ya chai.

"...mbuzi atakufa kwa uzee kabla hajauona mchicha." Na honi.

Kimya. Shemeji akakumbuka kuwa gari hajalifunga, akatoka. Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Hebu rudisha nyuma kidogo," akamwambia mjukuu. Mjukuu, mtoto msikivu, akarudisha. Mara ya pili nilisikika vizuri zaidi.

Mama akanitazama kwa upole ulionitisha kuliko kona zote za Soni. "Kumbe hukukisikia vizuri, mwanangu. Sogeza kiti hapa karibu. Tuanzie kwa babu yake mwenye mbuzi."

Mbuzi alifika kwenye mchicha saa tano na robo usiku.