Helikopta za uokoaji Kilimanjaro: tulipie safari au tulipie utayari?

Msimu wa wageni ukichanganya, mlio wa helikopta juu ya Moshi unakuwa sehemu ya asubuhi. Kilele cha Kibo bado kinaonekana chote, mawingu hayajapanda, na chombo kinakata juu ya migomba kuelekea kambi za Barafu, Kibo au Shira. Mambo yakienda sawa, ndani ya saa moja mgonjwa aliyekuwa akikohoa povu kwenye hema yuko mikononi mwa daktari mjini. Kazi hiyo inafanywa kibiashara: kampuni inaruka, bima ya mgeni inalipa.

Tarehe 24 Desemba 2025 helikopta iliyokuwa kwenye kazi hiyo ilianguka upande wa Barafu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,000. Watu watano walikufa: wagonjwa wawili kutoka nje, daktari, mwongozaji na rubani. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi, na hapa hakitabahatishwa. Ila ajali ile ililifanya swali la zamani liwe zito: je, uokoaji mlimani ubaki biashara, au serikali iubebe kupitia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na KINAPA, hifadhi ya Mlima Kilimanjaro?

Kabla ya kuchagua upande, ni vizuri kujua helikopta inapambana na nini kule juu. Chombo kilichozoeleka kwa kazi hii ni Airbus H125, ambayo zamani iliitwa AS350 B3. Ina injini moja na mapanga matatu, na uzito wa mwisho wa kuruka ni kilo 2,250 kwenye matoleo mengi. Ni mashine yenye nguvu kweli: Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua na AS350 B3 kwenye kilele cha Everest. Lakini alikwenda peke yake, chombo kimepunguzwa uzito, siku imechaguliwa. Uokoaji hauchagui siku.

Barafu iko karibu mita 4,700. Hewa ya pale ina uzito wa takriban asilimia 60 tu ya hewa ya Tanga pwani. Mapanga yanashika hewa nyepesi, injini inavuta hewa nyepesi, na panga la mkia, ambalo ndilo linazuia chombo kisizunguke, nalo linapoteza nguvu. Ndiyo maana rubani wa mlimani anaanza hesabu kwenye mafuta. Tangi la H125 linachukua lita 540. Safari ya kwenda Barafu na kurudi Moshi ni kama dakika 40, na kwa matumizi ya lita 180 hadi 200 kwa saa, lita 200 zinatosha, pamoja na akiba ya dakika 20. Lita 340 zilizoachwa chini ni kilo 270 hivi, yaani uzito wa watu watatu. Anayejaza tangi ili asihangaike kurudi kwenye pampu ameshapunguza nafasi ya kumwinua mgonjwa.

Kutua nako kuna mambo yake. Karibu na ardhi helikopta inasaidiwa na mto wa hewa unaobanwa chini ya mapanga. Barafu ni mgongo mwembamba wa mawe: chombo kikisogea hatua chache nje ya ukingo, mto ule umekwisha na nguvu inayohitajika inapanda ghafla. Rubani akishuka kwa kasi huku mwendo wa mbele ni mdogo na upepo unamsukuma mgongoni, anazama kwenye hewa aliyoisukuma mwenyewe chini, na akiongeza nguvu anazama zaidi. Dawa yake ni kusukuma pua mbele au kutoka pembeni, na kwa hilo inatakiwa nafasi chini ya chombo, ambayo kambini haipo. Ongeza vumbi, turubai na magodoro ya kulalia yanayorushwa kwenye mapanga. Kambi inayojua kazi yake inatenga eneo la mita 25 kwa 25, inalaza mahema ya jirani, na inamweka mtu mmoja tu wa ishara, upepo ukiwa mgongoni mwake. Wabeba machela wanakaribia wameinama, kutoka mbele, rubani akiwaona. Hawaji kamwe kutoka upande wa juu wa mteremko, kwa sababu huko panga liko karibu zaidi na vichwa.

Hapo ndipo hoja ya wanaotetea biashara inapopata uzito, na haistahili kupuuzwa. Ujuzi wa kuruka mlimani unachacha usipotumika. Rubani anayekwenda Barafu mara kadhaa kwa wiki anajua upepo unavyogeuka kwenye bonde la Barranco, anajua dalili za wingu linalopanda kutoka msituni, anajua saa ya kusema hapana. Helikopta ya serikali inayotolewa bandani mara mbili kwa mwezi itakuwa na rubani mwenye leseni safi na mikono mizito. Isitoshe, kampuni ndizo zilizoweka fedha zao kwenye vyombo, mafundi na vipuri. Mgonjwa mwenye maji kwenye mapafu hana haja ya kujua mwenye chombo ni nani. Anahitaji hewa nzito haraka.

Tatizo ni namna malipo yanavyokaa. Kampuni inayolipwa kwa kila safari inapata sifuri siku ambayo helikopta haijaruka, hata kama rubani, fundi na daktari wamekaa tayari tangu alfajiri. Mfumo huo unavuta watu watatu kwa wakati mmoja. Rubani anavutwa kujaribu wingu ambalo angeliacha. Mwongozaji, pale ambapo kuna chochote anachopewa kwa kuita chombo, anavutwa kuita mapema au kutoita machela kabisa. Na mgeni aliyechoka, mwenye bima nzuri, anavutwa kuona helikopta kama usafiri wa kushuka. Nepal iliona mwisho wa njia hiyo: mwaka 2018 uchunguzi wa serikali yake ulifichua safari za uokoaji zisizo za lazima na bili za bima zilizopandishwa. Si lazima watu wa Kilimanjaro wawe wabaya ili hayo yatokee. Inatosha malipo yawe yanaelekea huko.

Linganisha na helikopta za mafuta na gesi baharini, ambako biashara hii imekomaa zaidi. Kule mteja ni kampuni kubwa ya mafuta. Inalipa ada ya kila mwezi chombo kiwe tayari, kisha inalipa saa za kuruka juu yake, na inatuma wakaguzi wake kukagua kumbukumbu za matengenezo. Tarehe 29 Aprili 2016 helikopta ya H225 ilianguka Turøy, Norwei, baada ya gia ndani ya sanduku kuu la gia kupasuka kwa uchovu wa chuma, na watu 13 wakafa. Mamlaka baadaye ziliruhusu aina hiyo irudi angani, lakini kampuni ya mafuta ya Norwei ilikataa kuitumia tena. Alikuwepo mteja mwenye ubavu wa kukataa. Mlimani mteja ni mtu mwenye kichwa kinachopasuka, amelala kwenye machela. Hawezi kuuliza sanduku la gia lina saa ngapi.

Uingereza ilichukua mfano huohuo wa baharini na kuupeleka kwenye uokoaji. Tangu 2015 kazi iliyokuwa ya jeshi la anga na la majini inafanywa na kampuni ya Bristow kwa mkataba wa serikali. Mkataba huo wa 2015 uliitaka iwe angani ndani ya dakika 15 mchana na 45 usiku, na anayeokolewa hadaiwi kitu. Ni kampuni binafsi, inapata faida, lakini kinacholipiwa kwanza ni utayari.

Huo ndio mfano ambao Kilimanjaro ingeuangalia, kuliko kununua helikopta ya serikali. Fedha si ndoto. KINAPA tayari inatoza ada ya uokoaji ya dola 20 kwa kila mpandaji. Kwa wapandaji takriban 50,000 kwa mwaka, hiyo ni dola milioni 1. Ada hiyo ina kazi zake: askari, machela, magari. Lakini mgeni wa siku 7 njia ya Machame analipia hifadhi zaidi ya dola 700, na dola 20 nyingine juu yake hazitamfanya aahirishe safari. Hiyo ni milioni ya pili, ya kulipia zamu, yaani utayari huo.

Wapinzani watasema mkataba wa zamu unazaa uvivu, au unampa mmoja ukiritimba. Hofu hiyo ni ya haki, na tumeona zabuni zikiharibika. Kinga yake ni kuandika vipimo ndani ya mkataba: dakika za kuwa angani, saa za mazoezi ya mlimani kila mwezi, oksijeni ya rubani inayopimwa kabla ya kila safari (juu ya futi 13,000 ni lazima, na Barafu ni zaidi ya futi 15,000), na malipo kamili hata rubani akikataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachookoa marubani.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili zinalisahau. Helikopta haiwezi kuwa mpango wa kwanza. Wapandaji wanaondoka Barafu kama saa sita usiku, na wanaozidiwa huzidiwa kati ya saa tisa na kumi na mbili alfajiri, wakati hakuna chombo kinachoruka. Kufikia saa nne mlima mara nyingi umeshajifunika. Mgonjwa anayeyumba, anayeshindwa kutembea mstari ulionyooka kisigino kwa vidole, ana ubongo uliovimba kwa sababu ya mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Anapewa oksijeni na dawa ya kupunguza uvimbe huo, deksamethasoni, miligramu 8, kisha 4 kila baada ya saa 6, na anashushwa saa hiyohiyo. Kutoka Barafu hadi kambi ya Mweka ni kushuka zaidi ya mita 1,500, na mara nyingi mita 1,000 za mwanzo ndizo zinazorudisha akili. Machela ya gurudumu moja inataka watu 6 hadi 8 wanaopokezana kwenye mawe yaliyolowa. Upande wa Marangu, gari la dharura linaweza kupanda kwa njia ya Kilema hadi Horombo. Kambi inayokaa na mgonjwa wa namna hiyo kwa muda wa saa nne ikisubiri mapambazuko, kwa kuwa bima imeshakubali helikopta, imempotezea muda ambao machela ingeshamfikisha Mweka.

Kwa hiyo uamuzi wa kuita chombo uondolewe mikononi mwa anayefaidika nacho. Daktari mmoja wa zamu, anayelipwa na hifadhi, asikie kwa redio kiwango cha oksijeni, hali ya kutembea na kupumua, na saa dalili zilipoanza. Aamue: machela sasa, helikopta baadaye, au vyote viwili, machela ikishuka kuelekea mahali ambapo chombo kinaweza kutua kwa usalama, chini ya Barafu.

Na mkataba useme wazi unamhusu nani. Leo bima ni ya mgeni. Mpagazi aliyebeba kilo 20, akipatwa na mapafu ya maji pale kambi ya Karanga, hana karatasi ya kumwonyesha rubani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno la kuandikwa ni fupi: kila aliyesajiliwa langoni siku hiyo, mgeni, mwongozaji, mpishi au mpagazi, anaokolewa kwa ada ileile.